Jua Lililomla Baba

Juzi saa sita mchana nilikuwa uani naanika nguo za mtoto, simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Nikaitoa. Kioo kilikuwa cheusi ti, sioni kitu ila pua yangu na kamba ya nguo nyuma yangu. Nikakikinga kwa kiganja, wapi. Nikafungua leso niliyojifunga kiunoni, nikajitupia kichwani, mimi na simu ndani yake. Kabla sijasoma hata neno moja ile harufu ikanijia: pamba iliyopigwa na jua, mafuta ya nywele, na pumzi yangu mwenyewe ikinirudia usoni. Nikasimama pale kama mjinga. Sikuwa mama wa mtu tena. Nilikuwa na miaka minane, kichwa changu kimebanwa kwenye mbavu za mama yangu, Majengo, siku ya Idd.

Ujumbe wenyewe ulitoka kwa babake Mueni, binti yangu. Nitaufikia. Kwanza nitoe hili la leso, maana nimelibeba miaka yote hii bila kujua nimebeba nini, na sasa nimejua, na nimekasirika. Sitaki mtu aniambie nipoe.

Mama alikuwa mpiga picha. Si wa studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Yeye alikuwa wa kutembea. Tulikaa Kariobangi, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, yenye kelele za mafundi wa vyuma tangu asubuhi. Jumapili alizunguka nje ya makanisa, na siku za kazi alipanda Eastleigh kusafisha picha kwenye duka moja la ghorofani. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, saizi ya sabuni ya kufulia iliyoisha nusu. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka. Zilijaa mitaani kabla simu hazijajua kupiga picha ya maana. Hazikuwa na lile tundu la kuchungulia. Nyuma kulikuwa na kioo, basi. Ndani ya nyumba kile kioo kilikuwa ajabu ya dunia: unamwona mtu mdogo, ana rangi zote, anacheka. Ukitoka nje jua likiwa utosini, hakuna mtu. Kuna kigae cheusi chenye uso wako.

Wateja hawakuiamini. Walizoea mpiga picha anayeweka kamera jichoni na kufumba jicho lingine, wewe unajua sasa umeshikwa, unanyoosha shingo. Mama aliinyoosha mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba nepi iliyochafuka, na watu wakawa hawajui watazame kamera au watazame yeye. Mwanamke mmoja nje ya kanisa alimuuliza mbele ya watu kama anapiga picha au anapima ukuta. Basi kwa wateja wagumu mama alifanya mchezo. Aliibandika ile kamera jichoni, akafumba jicho la pili, akasema haya, hapo hapo. Wakatulia. Akabonyeza. Kisha wakishalegea, wakidhani imeisha, akainyoosha mbele na kupiga ile ya kweli. Mimi niliamini anaona kupitia chuma. Siku moja niliichukua nikaibandika jichoni mwangu, nikaona giza tu. Nikaamua kwamba macho ya kuona kupitia chuma huota ukiwa mkubwa, kama maziwa.

Lakini kwa picha za heshima, za bibi harusi, za kipaimara, za mzee aliyevaa koti, alitumia leso. Alijifunika kichwa chote pamoja na kamera, akaacha nafasi ndogo mbele ya lenzi. Mimi nilishika ncha upepo usiifunue. Watoto walimcheka, wakamwita ninja. Yeye hakujali, maana humo ndani alimwona mtu wake vizuri, kama yuko sebuleni. Na wateja walipozoea wakaanza kudai waonyeshwe kabla ya kulipa. Nionyeshe kwanza, nisitoke kama nimekufa. Kwa hiyo na wao wakaingia. Ungepita ungeona leso moja katikati ya uwanja, miguu mingi chini yake, na sauti zikibishana kuhusu kidevu.

Mimi niliingia pia. Nilipenda sana kuingia. Kulikuwa na joto, rangi ya leso ilimwagikia nyuso zetu zikawa nyekundu au za samawati kutegemea siku, na watu wazima walikuwa wapole humo ndani. Mtu akiona uso wake kwa karibu hivyo hapazi sauti.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa picha mtaani, mpinzani wa mama. Alikuwa na kamera kubwa nyeusi ya kuning'iniza shingoni, ya zamani, na sisi watoto tulimwita Mzee Filamu. Aliidharau kamera ya mama. Alisema haina jicho, na kitu kisicho na jicho hakikuoni, kinakubahatisha. Lakini alikuwa rafiki wa watoto, na alikuwa na kipande cha filamu kilichoungua ambacho alikitoa mfukoni akitaka kutuogopesha. Kilikuwa cheusi chote, hakina mtu.

"Hapa kulikuwa na harusi nzima," alituambia. "Bibi harusi, bwana harusi, keki, wakwe. Mtoto mmoja kama nyinyi akafungua mlango wa kamera mchana. Jua likaingia. Likawala wote."

Hakuna hadithi ya zimwi iliyowahi kunitisha hivyo. Harusi nzima, pamoja na keki. Nikaanza kuichunguza kamera ya mama kwa akili mpya. Niliiangalia juani: hakuna mtu. Nikaiangalia chini ya leso: watu hawa hapa, wamerudi. Nikaitoa tena: hakuna. Nikajipa jibu mwenyewe, bila kuuliza mtu, na nilijiona nina akili kuliko darasa zima. Watu walio ndani ya kamera wanajificha jua likija. Wakichelewa, linawala. Kuanzia hapo nilishika ncha za leso kama askari. Upepo ukiinua kidogo napiga kelele, na mama ananiambia, Mwikali, nani amekufinya?

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuja mwisho wa mwezi, akalala siku mbili tatu, akaenda. Baadaye akawa anakuja anapokuja. Nikiuliza naambiwa yuko safari, Malaba, au amevuka hadi Juba. Nilimwona mtu mkubwa, wa barabara ndefu. Na ndani ya kamera ya mama kulikuwa na picha yake moja. Amekaa kizingitini mwetu asubuhi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi anakipaka rangi, na amecheka kwa sababu mama alimpiga kabla hajamaliza. Picha hiyo haikuwahi kusafishwa. Nilipomwomba mama aisafishe alisema ya wateja kwanza, yetu ingoje. Kadi ya kamera ilikuwa ndogo, ikijaa haraka, kwa hiyo kila aliposafisha za wateja alizifuta. Baba tu ndiye hakufutwa. Wengine wakaja wakaondoka, yeye akabaki pale mwanzoni, wa kwanza, kama mlinzi wa geti.

Jioni nikimkumbuka mama alinipa kamera nimwangalie. Ananiambia, betri, Mwikali, maana yake nifanye haraka. Namwangalia haraka. Nilimjua babangu zaidi humo kuliko kitandani alikolala akija.

Siku ya Idd mama alienda Majengo kila mwaka. Sisi si Waislamu, ni Wakamba wa kanisani, lakini kule wanawake wengi walitaka kupigwa picha na mwanamke. Ndani ya nyua zao waliweka buibui kando, nguo mpya zikaonekana, nywele zikaonekana, na hawakutaka mwanamume na kamera yake humo. Mzee Filamu hangeweza kukanyaga. Kwa hiyo Idd ilikuwa siku yetu. Tulipita mlango hadi mlango, tukapewa pilau kila mahali hata nikashindwa kupumua.

Mwaka ule jua lilikuwa kali kupita kiasi. Uani, mabati yalirusha mwanga kutoka kila upande, na bila leso mama hangeona lolote. Kulikuwa na dada mmoja, Saumu, ana hina hadi viwikoni. Alikuwa ameolewa akahamia Umoja, na alikuja kwa mamake kula sikukuu. Alipigwa picha ukutani, akapigwa nyingine pamoja na mamake, kisha akataka kuona. Akaingia chini ya leso. Mimi nilikuwa tayari ndani, kama kawaida, kati ya mama na ukuta.

Alipenda ya kwanza, ya pili akasema pua imemvimba. Akachukua kamera mwenyewe akabonyeza kutafuta nyingine. Hakujua kwamba zile kamera zinazunguka. Ukifika picha ya mwisho ukabonyeza mbele tena, inakurudisha kwa ya kwanza. Akabonyeza. Baba akatokea na kiatu chake.

Nilitaka kusema huyo ni wangu. Saumu akaniwahi.

"Heh, huyu si baba Brayo?"

Mama akauliza nani.

"Baba Brayo, wa kwetu Umoja. Tumepakana mlango kwa mlango. Si huyu ana lori? Wewe umempigia wapi?"

"Kwa kazi," mama akasema. "Napiga watu wengi."

"Anacheka vizuri hapa. Kwetu huwa amenuna, mtoto anamnyima usingizi."

 Nilisikia pumzi ya mama juu ya kichwa changu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza mtu anataka picha saizi gani, kama huyo mtoto ni mkubwa.

"Brayo? Anatembea tayari. Wamefanana, meno yale yale."

"Mungu amkuze," mama akasema.

Nawaambia nilichofikiri mimi, na msinicheke. Nilimhurumia Saumu. Nilijua humo ndani kuna giza la rangi, na mtu akitoka juani ghafla macho humdanganya. Amemchanganya babangu na jirani yake. Mimi sikuwa na ndugu anayeitwa Brayo, kwa hiyo hakuwa babangu, ilikuwa hesabu rahisi. Nilitaka kumsahihisha lakini mkono wa mama ulikuwa umeshuka begani mwangu. Haukunifinya. Ulikaa tu, mzito, na ulikuwa umelowa.

Mama alimaliza kazi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa mshangao hadi leo. Kulikuwa na wasichana wanangoja, na bibi mmoja aliyebebwa hadi kwenye kiti, na mapacha waliokataa kusimama pamoja. Aliwapiga wote. Aliwaambia inua kidevu, shusha bega, wewe wa mwisho acha kutafuna. Walipokwisha aliniambia nitoke nje nishike ncha.

Nikashika. Akabaki ndani peke yake. Hakukuwa na mteja mbele yake. Alikuwa ameelekea ukuta mtupu. Nilisikia harufu ya pilau, nikasikia redio ya mtu, mkono ukaanza kuniuma, nikabadilisha mkono. Leso haikutikisika. Niliangalia viatu vyake vya plastiki nikaona vidole vimekunjwa vimeshika soli, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa mtaro. Nikamwita. Akasema, ngoja, natafuta kitu.

Alipojifunua uso wake ulikuwa na jasho tu. Alininunulia kaimati nikala njia nzima, na hakuniambia nisijimwagie shira kwenye gauni.

Jioni ile, mama akichambua maharagwe, nikaomba nimwone baba. Akanipa kamera. Hakusema betri. Hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Nikabonyeza hadi ya kwanza kabisa, nikakuta mtoto wa Majengo ameshika puto. Nikarudia. Nikazunguka zote, kizingiti hakuna, kiatu hakuna.

"Mama, baba hayuko."

"Hayuko?"

"Hayuko hata."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akaliangalia, akalitupa nje.

"Basi jua limemla."

Sikulia.  Nikaanza kuuliza, maana ndivyo nilivyokuwa. Mbona limemla yeye peke yake? Mbona yule wa puto yupo? Mama akasema baba alikuwa wa kwanza, karibu na mlango. Ikaniingia. Mlinzi wa geti ndiye anayeliwa kwanza, nani hajui.

Lakini nilitaka uhakika. Kesho yake nilimtafuta Mzee Filamu nikamuuliza kama jua linaweza kula mtu mmoja ndani ya kamera ya mamangu. Alicheka hadi akashika goti. Aliniambia kamera ile haina filamu, haina hata mlango wa jua kupitia. Nikamwambia mtu amekwisha kuliwa. Hapo akapendezwa, kwa sababu ilikuwa kamera ya mpinzani wake, akajipangusa macho akasema kwa sauti ya mwalimu kwamba jua ni jua, likimtaka mtu litampata tu.

Kwa hiyo nikafanya jaribio langu. Mama alikuwa na bahasha ya picha zilizoharibika, na humo nikachukua ya mwanamume mmoja mwenye tai ambaye alifumba macho. Nikaipandisha juu ya bati la bafu la ploti, nikaiwekea kokoto pembeni, nikaiacha na jua. Kila nikitoka shule napanda ngazi ya fundi kumwona. Mwanzo hakuna kitu. Kisha tai ikaanza kupauka. Kisha uso ukawa wa manjano kama mgonjwa, midomo ikapotea, mwishowe kulikuwa na shati jeupe na kichwa cheupe na matundu mawili mahali pa macho yaliyofumbwa. Nilishuka ile ngazi haraka. Niliogopa, na pia nilikuwa na furaha mbaya ya mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Kumbe ni kweli. Linakula polepole, na linaanza na tai.

Basi nikaanza kazi ya kumwokoa baba. Vitu vyake vilikuwa vimebaki nyumbani: kofia, shati la kazi lenye harufu ya dizeli, kikombe cha bati, kopo la rangi ya viatu. Nikavitia vyote kwenye katoni nikasukuma chini ya kitanda, mwisho kabisa, gizani. Siku moja nilimkuta mama amefua lile shati anataka kulianika. Nikalishika nikamwambia lisianikwe nje, litaliwa. Aliniangalia. Nilidhani ataniambia niache upuzi. Alilikamua tena, akanipa. Nikalikausha ndani, likanuka uvundo, na harufu ya dizeli ikaondoka. Sasa unaona.

Shuleni walikuja kutupiga picha ya darasa uwanjani. Nilikataa kutoka kwenye kivuli cha paa. Mwalimu alinivuta mkono, nikang'ang'ania nguzo, mwishowe wakapiga hivyo hivyo. Katika picha hiyo darasa lote limekunja nyuso kwa ajili ya jua, na mbali kule kwenye nguzo kuna kidoa cha sare. Hicho kidoa ni mimi. Kisha nikamuuliza mwalimu huyo huyo kama Juba kuna jua. Akasema jua la Juba si mchezo, hili letu ni mtoto. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya kila mtu, na nilipoulizwa kulikoni nikasema naumwa tumbo. Babangu alikuwa Juba, juani, hana leso, hana mtu wa kumshikia ncha.

Hakurudi. Mlijua hilo tayari. Uso wake uliniondokea kama wa yule mtu wa tai, kwa zamu. Mdomo uliocheka ninao bado, na kiatu ninacho. Macho sina. Nilipofika sekondari nilikuwa najua kadi ya kamera ni nini na kufuta ni nini, na mtu angeniuliza ningemwambia jua halifuti picha. Lakini hakuna aliyeniuliza. Mambo mengine hukaa kichwani vile ulivyoyapanga ukiwa mdogo, na hupiti tena kuyafungua. Hadi juzi, chini ya leso, na ule ujumbe.

Ujumbe ulisema hivi: sitafika wikendi, mwambie mtoto niko safari.

Anakaa Donholm. Na mtu. Kila mtu anajua. Anapanda gari la kazini saa mbili na kushuka saa kumi na moja, hajawahi kuvuka hata Athi River. Na ananituma mimi nimwambie mwanangu kwamba yuko safari. Nilimbeba Mueni na nguo bado ziko kwenye beseni, tukaenda kwa mamangu Kariobangi.

Sasa anauza mitumba ya watoto. Nilimkuta ndani karibu na mlango anamenya minji, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti. Mueni akamkimbilia nyanyake, susu kama anavyomwita, akapewa minji achezee, akatoka nayo hadi kizingitini. Mimi sikukaa.

"Mama, ile siku ya Idd. Nani alifuta picha ya baba?"

Hakuniuliza Idd gani.

"Jua."

"Mama."

Alimenya ganda moja, la pili, la tatu. Kisha akaongea akiwa ameangalia mikono yake.

"Nilikuwa ndani ya leso, Mwikali. Nilimwona vizuri kuliko nilivyomwona nikikaa naye. Na ile kamera haifuti hivi hivi. Inakuuliza kwanza kama una hakika. Iliniuliza nikakaa nayo. Baadaye nikabonyeza ndiyo."

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya bati na mtu wa tai, maana hakuwahi kujua hiyo. Nilimwambia habari ya Juba. Nilimwambia nimelala miaka juu ya katoni nikimlinda mwanamume ambaye alikuwa Umoja akila chapati, mtu ambaye ningeweza kumfikia kwa miguu na sare yangu ya shule nikamwangalia macho yake. Sauti yangu ilipanda hadi jirani akapunguza redio. Mama aliniacha. Hakusema niheshimu, hakusema nishushe sauti mbele ya mtoto.

"Kama ningesema ni mimi," akasema nilipoishiwa, "ungekuwa unaniuliza mimi. Kila jioni. Nawe nakujua kwa maswali. Jua ungeliuliza nini?"

"Ulinifanya niogope mchana."

"Najua." Akapangusa mikono kwa leso. "Na mimi nilitaka kitu cha kulaumu ambacho hakitarudi siku moja kuniomba msamaha. Na nilikuwa na picha za watu wa Idd za kusafisha kesho yake. Ningekaa chini siku ile nisingesimama."

Nilikuwa na maneno mengine na yalikuwa makali. Lakini nilikuwa nikimwangalia vidole vya miguu, na nikakumbuka vile viatu vya plastiki, na ikanijia ghafla kwamba mwanamke yule chini ya leso alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Sijamsamehe. Nasema tu nilikumbuka.

Hapo ndipo tuliposikia Mueni. Alikuwa amechukua simu yangu kwenye begi na kukaa nayo kizingitini. Kila siku huniomba nimfungulie picha ya babake aipapase, na siku hizi anaifungua mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye jua lote, simu mapajani, anaipanguza kwa gauni, anaiinua, anaiangalia kwa chini kama mtu anayechungulia kisima.

"Mama," akasema, "baba hayuko."

Nyuma yangu mama akainua kichwa. Niligeuka nikauona mdomo wake unafunguka. Sijui alitaka kusema nini, labda hakutaka kusema lolote. Sikumngoja. Nilitoka nikaketi kando ya mtoto, nikavuta leso kiunoni, nikatufunika sote wawili na simu.

Ile harufu ikaja. Uso wa Mueni ukageuka rangi ya chungwa. Na babake akatokea pale pale alipokuwa, na shati lake jeupe, anatabasamu.

"Huyu hapa," nikamwambia. "Jua halijamfanya kitu."

Akamgusa kwa kidole chenye utomvu wa minji. Akafikiri. Ana njia ya kufikiri kwa kutoa ulimi.

"Yuko safari?"

"Hapana. Yuko Donholm."

Nje ya leso mama alikuwa ameacha kumenya.  Mueni alimwangalia babake tena, juu hadi chini, kisha akaniangalia mimi kwa macho ya mtu anayetaka kujua jambo na anategemea ataambiwa.

"Donholm ni mbali?"

"Si mbali," nikamwambia. "Si mbali hata kidogo."